Upatanisho wa Wasio na Mfupa

Mume wangu alianzia miguuni. Asubuhi moja aliteremsha miguu kitandani, nikauona mkeka kupitia vidole vyake, ukili wake wote na rangi yake ya zambarau, naye akacheka akasema viatu sasa basi. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, kwa kuwa nilipenda mzaha wa Faki kabla sijampenda Faki mwenyewe. Baada ya miguu yakafuata magoti. Mfupa wa muundi niliozoea kuuona umejitokeza ukayeyuka ndani ya nyama kama sukari ndani ya chai, kisha nyama nayo ikaacha kuwa nyama, ikawa kitu cheupe, chepesi, chenye kupitisha mwanga. Ulaini ulipofika kiunoni hakuweza tena kukaa wima. Nikamtia ndani ya beseni kubwa la kufulia, nikamjazia maji ya bahari, maana ya kisima yalimchoma.

"Unaniona mpaka ndani?" aliniuliza.

"Nakuona mpaka uongo wako."

"Basi nimekwisha. Utaniacha."

"Nikuache uende wapi, na miguu huna?"

Tulicheka mpaka maji yakamwagika sakafuni. Lakini nilipokwenda kuchukua tambara nilisimama jikoni nikilia kimya kimya, kwa sababu nilijua mji wetu ni mji gani.

Jina lake silijui. Nimezaliwa humo, au nitazaliwa humo, mambo hayo kule hayana mpangilio, na sijawahi kusikia mtu akiutaja. Bahari yake haikulala kama bahari nyingine. Ilisimama wima upande mmoja wa mji, kama ukuta, na katikati ya ukuta huo kulikuwa na lango lisilo na mlango. Ulisogea ukaona maji yamesimama mbele ya pua yako, kimo cha minazi kumi, na humo ndani viumbe wakipita. Kwa nini hayamwagiki? Niliuliza utotoni nikaambiwa niende nikacheze.

Na sheria ya mji ilikuwa moja tu, nayo ni sheria ya sarufi. Mtu huwa mtu kwa upatanisho. Bwana Uti, mtawala wetu, alikaa langoni kwenye kiti cha pingili za mgongo wa nyangumi, na kila aliyefikishwa mbele yake alitamkiwa neno: huyu, au hiki. Ukiitwa huyu, unaishi, unapewa mlango na salamu na mahali pa kuzikwa. Ukiitwa hiki, unaanikwa. Wanakutandaza mchangani, jua linakunywa, kisha mtu anapita na ufagio. Kipimo cha Bwana Uti kilikuwa fimbo. Aligonga, palipolia mfupa akasema huyu, pasipolia akasema hiki. Na neno likishatoka kinywani mwake halikurudi, hata yeye mwenyewe hakuwa na uwezo wa kulirudisha, maana utawala wake wote ulisimama juu ya hilo, kwamba alichotamka kimetamkwa. Swali lake halikuhesabiwa. Tamko ndilo.

Mimi nilikuwa Mtaja. Nilisimama kati ya kiti na lango, nikitaja jina la aliyefika, basi. Mtaja haruhusiwi kupatanisha. Akija konyeza, yule wa baharini mwenye mwili wa ute, siwezi kusema konyeza huyu wala konyeza hiki. Nasema konyeza, naliacha neno linaning'inia mpaka Bwana Uti alimalizie. Jaribu wewe kusema lugha hii bila kupatanisha. Utaona huwezi hata kusema mtoto analia. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, na nyumbani Faki alinitania kwamba mke wake ndiye mtu pekee mjini anayelipwa ili asimalize sentensi.

Sasa ikatangazwa kwamba wasio na mfupa wamezidi langoni. Walikuwa wamekuja kwa wingi ambao haujapata kuonekana, wamejaza maji kutoka chini hadi juu, na Bwana Uti alisema hatagonga kila mmoja, fimbo yake ingeoza. Angetamka neno moja kwa wote. Na yeyote mjini aliyeanza kulainika aletwe, apate neno lake humo humo.

Nililibeba beseni mwenyewe. Njiani ulaini ulikuwa umemfika Faki shingoni, na sauti yake ilitoka ndogo, yenye mapovu.

"Mwatime," alisema. "Usimwambie kwamba nakoroma."

"Nyamaza."

"Hilo peke yake linatosha nianikwe."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa kinywa. Tulipofika langoni taya lilikuwa limekwisha kwenda, na ndani ya beseni palikuwa na duara angavu lenye kivuli kidogo cha mtu katikati, likitikisika kila nilipopiga hatua. Nilijua ni yeye kwa namna alivyoegemea upande wa kushoto. Hata kitandani alilala hivyo.

Bwana Uti alikuwa amekwisha kukaa. Mgongo wake ulikuwa mrefu kuliko adabu yake, na siku hiyo aliunyoosha zaidi, ingawa sote tulijua unamuuma. Askari walipanga nyavu na majamvi ya kuanikia. Aliinama akachoma fimbo ndani ya beseni. Ikaingia, ikatoka imelowa, hapakusikika lolote.

"Hakilii, Bwana," askari mmoja akasema.

"Nimesikia kwamba sijasikia. Mtaja, taja majina ya huko nje, kisha nitatamka."

 Kumlilia Bwana Uti hakufai, walikwisha kulia wengi mbele ya kiti kile. Kumwombea siruhusiwi. Nilichokuwa nacho ni majina tu. Lakini nikiwa nimefumbua mdomo kutaja la kwanza, nikatambua jambo ambalo sijui kwa nini sikulitambua miaka yote ile. Sheria ilinikataza kupatanisha. Haikuniambia jina liwe refu kiasi gani.

"Konyeza," nikasema. Kisha sikunyamaza. "Mwavuli wa maji. Kufumba, kufumbua, kufumba. Damu hakuna. Moyo hakuna. Ubongo hakuna. Kwenda kupo."

Bwana Uti alinigeuzia jicho. "Jina hilo lilikuwa fupi jana."

"Ndilo jina lake zima, Bwana."

 Nami nikageuka kulitazama lango, na nakiri kwamba miaka yote niliwataja bila kuwatazama, kama mtu anayesoma vibao vya maduka. Sasa niliwatazama. Konyeza huyo alikuwa na pete nne za waridi ndani ya kifua chake, kama si kifua ni nini, na kila alipojifumba, bahari iliyokuwa ndani yake ilitoka na bahari iliyokuwa nje ikaingia, wala hukuweza kusema wapi yeye anaishia na wapi bahari inaanzia. Nikajiuliza: mimi naishia wapi? Kwenye ngozi? Na pumzi niliyotoa sasa hivi, ni yangu bado? Na mzaha wa Faki uliomo kichwani mwangu, ni wa nani? Nyuma ya konyeza yule walikuwapo wengine, wenye rangi ya kutu na wenye rangi ya maziwa, wenye nywele ndefu kuliko kamba ya kisima, na wale wanaokaa kwenye matope ya mikoko wamelala chali, miguu juu, kama watu waliochoka kusimamishwa. 

"Vitana," nikasema. "Safu za vitana ubavuni, toka juu hadi chini. Kupiga makasia kwa vitana hivyo. Taa hakuna. Jua kugonga vitana, vitana kulivunja jua, ndiyo rangi hizo."

Rangi zilikuwa zikikimbia ubavuni mwake, nyekundu ikiikimbiza kijani, kijani ikiikimbiza samawati, bila kuisha na bila kuchoka. Askari mwenye wavu wa mbele aliushusha kidogo apate kuona vizuri.

"Endelea," Bwana Uti akasema, na hakuna aliyemlazimisha kusema.

"Pipa. Pipa dogo la kioo, wazi huku na huku. Kunywa bahari mbele, kuitema nyuma, na safari ndiyo hiyo. Pipa moja peke, kisha mnyororo wa mapipa. Mnyororo kuzaa peke, peke kuzaa mnyororo. Mtoto, sura si ya mama. Sura ni ya bibi."

"Ya bibi?"

"Daima, Bwana. Mama kurukwa."

Bwana Uti akacheka kidogo, kicheko kilichomponyoka. "Mimi nimefanana na bibi yangu," akasema, tena si kwa sauti ya kiti. "Masikio haya ni yake. Alikuwa akiniita mume wangu." Kisha akakumbuka alipo, akakohoa, akaunyoosha mgongo.

Nikaona mlango umefunguka ufa. Moyo ulinidunda, huu wangu ulio na damu, nikaogopa usije ukasikika. Nikamtazama Faki ndani ya beseni. Maji yake yalikuwa yameanza kupata moto kwa jua, na kile kivuli cha mtu katikati kilikuwa kimebaki alama tu, kama ya kikombe juu ya meza. Ningechelewa, ningekuwa namwombea maji matupu. Nikaongeza sauti.

"Kamba!"

Kwa sababu ndiyo ilikuwa inapita. Tuliiona ikiingia upande wa kulia wa lango, na haikuisha. Nasema ikaingia kwa kuwa sijui niseme nini. Ilikuwa kamba ya kengele za kioo, na chini ya kengele matumbo, na chini ya matumbo nyuzi, na kila kengele ilizaliwa ikiwa kiumbe kamili, yenye haki ya kuwa mwenyewe, lakini ikakubali kuwa mguu wa mwenzake. "Hapa, kazi ni kuogelea," nikasema. "Hapa ni kula, kwa niaba ya kamba nzima. Hapa ni kuuma. Hapa ni kuzaa. Wa kuogelea, kula hawezi—" na papo hapo nikajifunika mdomo, maana nilikuwa nimepatanisha. Askari wawili walinisogelea. Lakini Bwana Uti aliinua mkono, macho yake yako kwenye maji.

"Mwacheni. Mtaja, hapo ni umoja au wingi?"

"Umoja au wingi, Mtaja hajui."

"Mimi je, nitajuaje?" akauliza, na swali halihesabiwi, lakini lilikaa pale katikati yetu. Tulisimama tukaisubiri kamba imalizike kupita. Jua la mji ule lilikuwa na desturi ya kusimama pale anapokaa Bwana Uti, kwa hiyo sijui tulingoja muda gani. Nilifikiri juu ya ndoa. Nilifikiri juu ya mji wenyewe: mmoja kula, mmoja kuuma, mmoja kukaa kwenye kiti cha nyangumi, mmoja kutaja, na nani kati yetu angeweza kuishi akikatwa kutoka kwa wengine akaachwa ndani ya beseni? Tunajiita watu. Pengine sisi ni kengele tu, na mtu ni yule mrefu tusiyeuona mwisho wake.

Baada yake akaja wa pembe nne, mwangavu mno hata nilimwona kwa kivuli chake kwanza. "Sanduku," nikasema. "Sumu ipo, kali. Na macho yapo, Bwana, kila ubavu. Jicho lenye lenzi, kama lako. Ubongo haupo."

"Macho yapo na ubongo haupo?"

"Ndivyo."

"Basi na..." akaanza, na sote tukasikia neno lilivyokuwa likija. Nani anaona? Lilikuwa mlangoni pa meno yake. Akalimeza. "Basi nini kinaona?" akasema, na hata askari wake walikunja uso, kwa kuwa sentensi ile ilikaa vibaya masikioni. Sanduku lile lilikuwa limetuelekea. Sijui kama lilituona. Lakini nilipangusa uso wangu, nikaweka sawa kanga yangu, na niliona Bwana Uti naye akirekebisha kola.

Kisha walipita ambao sikuwa na majina yao hata mafupi. Wengine walikuwa wepesi kiasi kwamba mkondo wa maji tu uliwararua, wakaendelea vipande vipande, kila kipande na safari yake. Mmoja alikuwa mwekundu ndani ili mwanga wa alichokula usionekane nje. Wengi wenye umbo la soksi waliwaka samawati wote kwa pamoja alipoguswa mmoja wao mwisho wa mstari. Niliacha kutaja. Nilisema tu, "Na huko. Na kule. Na pale," nikinyoosha kidole, na machozi yananitoka bila huzuni. Nilijiona mdogo, na nilifurahi kuwa mdogo. Sikuwahi kujua kwamba uhai unaweza kujiandika kwa maji matupu namna zote hizi, bila kuazima mfupa hata mmoja.

"Na hicho cha kwenye kona, kidogo kama kifungo cha shati?" Bwana Uti akauliza.

"Kuzeeka," nikasema, "kisha kurudi utotoni. Kuanza upya. Kukua, kuumia au kuchoka, kurudi tena. Jana au kesho, Mtaja hajui."

 Mkono wa Bwana Uti ukaenda nyuma, mahali mgongo unapomuuma, ukakaa hapo. "Na kufa?"

"Kufa kupo. Kwa kuliwa, kwa maradhi. Kwa uzee tu ndiko hakupo."

"Kwa uzee hakupo," akarudia taratibu.

Nikaona sasa ndipo. Alikuwapo mmoja niliyemwacha makusudi, kwa sababu nilimwogopa. Alikuwa kama kiluwiluwi, mdogo, ndani ya nyumba ya ute kubwa mara nyingi kumpita yeye, nyumba yenye madirisha na vyumba na vichujio, angavu yote. "Nyumba," nikasema. "Nyumba ya ute wa mwili. Kuijenga, kuikalia, kuihama, kujenga nyingine kabla jua halijatua. Na mkiani, uzi. Uzi mgumu kidogo, toka mwanzo wa mkia hadi ncha."

"Uzi wa nini?"

"Uzi wa mgongo, Bwana. Uti, kabla uti haujawa mfupa."

 Askari walishika nyavu kwa nguvu, maana walidhani nimemtukana, na kweli hakuna tusi kubwa kuliko kumwonesha mtawala ndugu yake ndani ya ute. Uso wa Bwana Uti ulikuwa mwekundu. Akainuka. Akafungua kinywa, nikaona ulimi wake umejipanga kwa ile sauti ya hi-, hivi, hivi vyote vianikwe, nikapiga magoti nikakumbatia beseni kwa mikono miwili.

Hakusema. Aliteremka kwenye kiti, jambo ambalo hajapata kulifanya watu wakitazama, akatembea mpaka langoni, akaweka kiganja chake juu ya uso wa maji. Upande wa pili wakasogea, si kwa haraka, mwavuli baada ya mwavuli, kamba na mapipa na vitana, wakajipanga mbele ya kiganja kile. Wakaanza kufumba na kufumbua kwa pamoja. Ndani ya kumbatio langu nilihisi maji yakigota ukingo wa beseni, yakarudi, yakagota tena. Faki alikuwa akipiga pigo moja nao. Mji mzima ulisimama ukitazama bahari ikipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

Bwana Uti hakutugeukia. Alisema polepole, hakutusemesha sisi, kwa sauti ya mtoto aliyeamka katikati ya watu:

"Wanapumua."

Nadhani yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuisikia ile wa-. Askari mwenye wavu wa mbele, ambaye alimpenda bwana wake, alimpa nafasi. "Vinapumua, Bwana?" akauliza. "Umesema vinapumua?"

Bwana Uti alijaribu. Nilimwona akijaribu, midomo ikitafuta ile vi-, na nilimhurumia, kwa sababu ulimi ule alipewa na bibi mwenye masikio kama yake, zamani kabla ya kiti na fimbo, na ulimi haukukubali. Akaondoa kiganja majini, akakitazama kilivyolowa.

"Nimesema nilivyosema," akajibu.

Majamvi yakakunjwa. Hakuna aliyeshangilia, watu wa mji wetu hawakuwa na kelele za jambo kama lile. Walianza tu kusogea langoni mmoja mmoja, na nikasikia mwanamke akisema, "Hamjambo?" kwa aibu, kama unavyowasalimu wageni waliokwisha kukaa sebuleni muda mrefu bila kusalimiwa.

Nami nilikuwa na beseni. Maji yake yalikuwa ya moto sasa, na pigo la Faki lilikuwa linachoka. Ningeweza kumrudisha nyumbani. Mlango tulikuwa nao, ruhusa sasa tulikuwa nayo, ningembadilishia maji asubuhi na jioni na kumweleza habari za mtaani, na nilitaka hivyo, nilitaka kwa nguvu zangu zote. Lakini aliyeitwa huyu hawekwi ndani ya beseni la kufulia. Nilinyanyua, mgongo wangu ukalia kwa uzito, nikaegemeza ukingo kwenye uso wa bahari iliyosimama, nikamwinamisha. Akatoka taratibu, akiegemea upande wa kushoto. Kisha maji yakamnyoosha, hakuegemea tena.

Akaingia kati yao. Nilimfuata kwa macho mpaka alipopishana na mwingine, na wawili hao walipoachana sikujua yupi ni yupi. Nilitafuta. Wote walikuwa angavu, wote walifumba na kufumbua, na kupitia kwa kila mmoja wao niliwaona wengine nyuma yake, hadi kilindini ambako mwanga unaishia. Mtaja wa mji, kazi yake majina, na sikuweza kumtambua mume wangu mwenyewe. Nikaweka mikono miwili mdomoni nikaita kwa ile sauti ya kumwita mtu aje kula, sauti isiyokuwa na heshima wala sarufi.

"Faki!"

Wakageuka wote.